Zahanati Yenye Watumishi Wawili: Mzigo wa Walio Mstari wa Mbele

Watumishi wa mstari wa mbele ni wale ambao mwananchi huwakuta kabla hajamwona mwingine yeyote katika huduma za umma: muuguzi anayempokea mgonjwa, tabibu wa zahanati, mkunga, mhudumu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba, mwalimu wa shule ya kijiji, afisa ugani, mtendaji wa kijiji. Hawapangi bajeti ya taifa, hawaagizi dawa kutoka viwandani, wala hawatoi vibali vya ajira. Hata hivyo, bajeti ikipungua, dawa zikichelewa au ajira zikisitishwa, wanaoulizwa kwanza ni wao. Afrika Mashariki, hali hiyo huonekana wazi zaidi katika zahanati za vijijini, ambako mtu mmoja hulazimika kuwa tabibu, mkunga, mtunza dawa, mhasibu na mwandishi wa takwimu katika siku moja.

Kazi ya ngazi ya chini

Tanzania Bara, huduma za afya zimepangwa kwa ngazi. Chini kabisa ipo zahanati, kisha kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali za kanda kama Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi, na hatimaye hospitali ya taifa, Muhimbili. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, maarufu kama MMAM, ulioanza mwaka 2007, uliweka lengo la kila kijiji kupata zahanati na kila kata kupata kituo cha afya. Majengo mengi yalisimama, mara nyingi kwa wananchi wenyewe kuchangia mawe, mchanga na tofali. Lakini jengo laweza kukamilika ndani ya mwaka mmoja au miwili, ilhali tabibu husoma miaka mitatu chuoni na, akishahitimu, husubiri kibali cha ajira.

Kazi za zahanati ni nyingi kuliko jina lake linavyoashiria. Asubuhi kuna kliniki ya mama na mtoto: watoto hupimwa uzito na kuchanjwa, wajawazito hupimwa damu na shinikizo, hupewa dawa za kuzuia malaria na za kuongeza damu, na wanaohitaji uzazi wa mpango hupewa ushauri na njia wanayoichagua. Wakati huohuo wagonjwa wa nje wako kwenye benchi: mwenye homa apimwe malaria kwa kipimo cha haraka, mtoto anayepumua kwa shida achunguzwe nimonia, aliyejikata panga ashonwe. Friji ya chanjo lazima ikaguliwe kila siku ili joto lake lisishuke chini ya nyuzi 2 wala kuzidi nyuzi 8. Siku nyingine mtumishi hufunga safari ya huduma za mkoba, akabeba chanjo katika kasha la baridi kwenda vitongoji vya mbali. Usiku uchungu wa uzazi hauangalii zamu iliisha saa ngapi.

Mwongozo wa ikama, yaani idadi ya watumishi inayotakiwa, wa mwaka 2014 ulitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15. Zahanati nyingi za vijijini zimekuwa zikiendeshwa na wawili au watatu, na mmoja wao huenda akawa mhudumu wa afya ambaye hakusomea kutibu. Mmoja akiitwa kwenye semina wilayani na mwenzake akiwa likizo ya uzazi, mlango hufungwa au huachiwa yule asiye na utaalamu.

Uhaba katikati ya wahitimu wasio na kazi

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2006, lilieleza kuwa Afrika ilibeba asilimia 24 ya mzigo wa magonjwa duniani huku ikiwa na asilimia 3 tu ya watumishi wa afya. Ripoti hiyo ilipendekeza kiwango cha chini cha madaktari, wauguzi na wakunga 22.8 kwa kila watu 10,000. Miaka kumi baadaye kiwango hicho kilipandishwa hadi 44.5, kwa kuwa malengo yalikwishapanuka kutoka uzazi salama na chanjo hadi kisukari, shinikizo la damu, saratani na magonjwa mengine ya muda mrefu. Nchi za Afrika Mashariki bado ziko mbali na kiwango hicho kipya.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba uhaba huu unakwenda sambamba na ukosefu wa ajira. Tanzania na Kenya zina maelfu ya wauguzi na matabibu waliohitimu na kusajiliwa na mabaraza yao, nao wako mitaani. Sababu ni kwamba mahitaji ya wagonjwa si kitu kimoja na nafasi za ajira. Nafasi hutokana na fedha za mishahara, na fedha hizo zina ukomo unaowekwa hazina. Katika miaka ya 1990, chini ya masharti ya marekebisho ya uchumi, Tanzania ilipunguza watumishi wa umma na kusimamisha ajira mpya kwa miaka kadhaa. Pengo la kizazi kile cha watumishi lilichukua muda mrefu kuzibwa. Mwaka 2017 watumishi 9,932 wa sekta mbalimbali walitajwa katika orodha ya waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa. Uamuzi huo ulikuwa na sababu zake za kisheria, lakini zahanati iliyompoteza mmoja kati ya watumishi wake wawili ilimpoteza siku hiyohiyo, na mrithi wake alisubiri kibali.

Pengo hilo huzibwa na wanaojitolea. Mhitimu huripoti kituoni, huvaa sare, huingia zamu za usiku, na hulipwa nauli au posho ndogo kutoka mapato ya kituo. Huduma hupatikana, lakini kwa mkono wa mtu asiye na mkataba, bima wala uhakika wa kesho.

Sera ya bure na rafu tupu

Kwa mujibu wa sera ya afya ya Tanzania, wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wa kuanzia miaka 60 wasio na uwezo hawatakiwi kulipia huduma katika vituo vya serikali. Kenya ilitangaza huduma za bure za uzazi mwezi Juni 2013 na wakati huohuo ikafuta ada katika zahanati na vituo vya afya vya umma. Sera za aina hii zimewaokoa wengi ambao wangejifungulia nyumbani kwa kukosa fedha. Tatizo huanza pale ahadi inapomfikia mwananchi kabla ya vifaa.

Redio imesema kujifungua ni bure. Mkunga anajua kwamba glovu zimekwisha wiki iliyopita na kwamba maombi yaliyopelekwa Bohari ya Dawa, msambazaji wa serikali, yamerudi na vitu pungufu. Anabaki na njia tatu: kumwambia mama anunue glovu dukani, kutumia glovu zilizokusudiwa kazi nyingine, au kumzalisha bila kinga ya kutosha. Akichagua ya kwanza ataambiwa anauza huduma ya serikali. Akichagua ya tatu anajihatarisha mwenyewe. Katika mazingira hayo kuna watumishi wachache wanaotumia uhaba kudai rushwa, na vitendo vyao huwapaka matope wenzao wote. Mwananchi hana njia rahisi ya kumtambua anayemwibia na anayemwambia ukweli kuhusu rafu tupu.

Watumishi wenyewe hueleza kwamba kinachowachosha zaidi ya wingi wa kazi ni kujua la kufanya na kukosa cha kulifanyia. Mkunga aliyefundishwa kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, kisha akakosa dawa, gari na damu, huibeba siku hiyo kwa miaka. Ushauri wa kisaikolojia kwa watumishi wa ngazi hii ni nadra. Kawaida baada ya kifo cha mama hufuata kikao cha kuchunguza kilichotokea, na mhusika huingia humo akiwa na hofu ya kulaumiwa, ingawa lengo la kikao ni kujifunza.

Madaftari na mifumo

Kila mgonjwa anayetibiwa ni lazima aandikwe. Tanzania hutumia Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, MTUHA, wenye madaftari ya wagonjwa wa nje, wajawazito, wanaojifungua, watoto, uzazi wa mpango, dawa na mengineyo. Mwisho wa mwezi hesabu hujumlishwa na kupelekwa wilayani, ambako huingizwa kwenye kompyuta. Takwimu hizi ni muhimu: ndizo zinazoonyesha mlipuko unapoanza na ndizo zinazotumika kuagiza dawa. Lakini miradi ya wafadhili nayo huja na fomu zake, na mama mmoja mjamzito huweza kuandikwa katika madaftari matatu au zaidi kwa hudhurio moja. Mifumo ya kielektroniki imepunguza kazi hiyo pale ambapo umeme na mtandao vipo. Pasipo na vitu hivyo, mtumishi huandika kwenye karatasi mchana na kuingiza kwenye mfumo usiku.

Kuna pia hesabu za fedha. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, Tanzania hupeleka sehemu ya fedha za afya moja kwa moja kwenye akaunti za vituo badala ya kuzipitishia zote halmashauri. Hatua hiyo imempa mfawidhi wa zahanati uwezo wa kununua sabuni au kurekebisha bomba bila kusubiri wilaya. Imempa vilevile kazi ya mhasibu: kuandaa mpango, hati za malipo na taarifa kwa wakaguzi, kazi ambazo chuo cha utabibu hakikumfundisha.

Hatari ya maambukizi

Sindano iliyomchoma mgonjwa mwenye virusi vya UKIMWI ikimchoma mtumishi, uwezekano wa kuambukizwa ni takriban 3 kati ya 1,000, na hupungua sana akianza dawa za kinga ndani ya saa 72. Kwa homa ya ini aina ya B, asiyechanjwa anaweza kufikia hatari ya 300 kati ya 1,000. Chanjo yake ipo na ni salama, lakini si kila mtumishi aliyekwisha kuipata. Kifua kikuu nacho huenea katika vyumba vidogo visivyo na hewa ya kutosha, na wanaokaa humo muda mrefu kuliko mgonjwa yeyote ni watumishi.

Baadhi ya magonjwa ya mlipuko huanza kwa dalili zinazofanana na malaria, na ndiyo maana mtumishi wa kwanza kumgusa mgonjwa huwa hajavaa kinga. Ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa mkoani Kagera mwezi Machi 2023, mtumishi wa afya alikuwa miongoni mwa waliofariki. Rwanda ilipotangaza ugonjwa huohuo tarehe 27 Septemba 2024, wagonjwa walifikia 66 na waliofariki 15. Takriban wanane katika kila wagonjwa kumi walikuwa watumishi wa afya, wengi wao wa vyumba vya wagonjwa mahututi mjini Kigali. Kwa janga la UVIKO-19, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa kati ya Januari 2020 na Mei 2021 walikufa watumishi wa afya kati ya 80,000 na 180,000 duniani kote.

Mahali pengine hatari hutoka kwa binadamu. Mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo, ulianza Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020 baada ya kuua watu 2,287. Ulitokea katika eneo lenye makundi ya wapiganaji na wananchi waliokuwa wamekata tamaa na serikali. Watoa chanjo na wahamasishaji walishambuliwa, na mwezi Aprili 2019 daktari wa Shirika la Afya Duniani, raia wa Kamerun, aliuawa hospitalini mjini Butembo. Wengi wa waliokuwa kazini ni wenyeji wa maeneo hayohayo, na jioni walirudi kulala miongoni mwa majirani waliowashuku.

Umbali, makazi na familia

Mtumishi akipangiwa kisiwa cha Ukerewe au kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, huulizia kwanza nyumba. Pale ambapo hakuna nyumba ya mtumishi, hupanga chumba kijijini, pengine mbali na zahanati, na akiitwa usiku hutembea gizani au hutafuta bodaboda. Wauguzi na wakunga wengi ni wanawake, na kwao mwendo huo una hatari nyingine. Masika barabara hukatika, mshahara uko benki mjini, shule nzuri ya watoto iko mjini, na mwenza anafanya kazi mkoa mwingine. Maombi ya uhamisho kumfuata mwenza huwa mengi, na kila linalokubaliwa huacha nafasi wazi kijijini. Walimu wa shule za msingi hupitia mkondo huohuo: wilaya za pembezoni hupokea waajiriwa wapya kila mara na kuwapoteza kila mara.

Mishahara na migomo

Kenya ilihamishia huduma nyingi za afya kwenye kaunti 47 mwaka 2013, kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Serikali ya kitaifa ilibaki na sera na hospitali kuu za rufaa, kaunti zikachukua watumishi. Tangu hapo mvutano juu ya nani alipe nini haujaisha. Madaktari waligoma kwa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, wakidai kutekelezwa kwa mkataba wa pamoja uliotiwa saini mwaka 2013. Viongozi wa chama chao walifungwa kwa muda jela kwa kudharau amri ya mahakama. Wauguzi waligoma takriban miezi mitano mwaka huohuo wa 2017. Mwaka 2024 madaktari waligoma tena kwa siku 56, safari hii suala kubwa likiwa ajira na malipo ya madaktari wanagenzi.

Mgomo wa watumishi wa afya huwa mgumu kuliko wa kada nyingine kwa sababu anayeumia kwanza ni mgonjwa asiye na uwezo wa kwenda hospitali binafsi. Watumishi hujibu kwamba njia nyingine zilishindikana. Mwezi Desemba 2020 daktari kijana nchini Kenya alifariki kwa UVIKO-19 akiwa hajalipwa mshahara kwa miezi kadhaa, na kifo chake kiliwasha mgomo mwingine. Tanzania ilishuhudia mgomo mkubwa wa madaktari mwaka 2012. Tangu hapo malalamiko ya kawaida yamekuwa ya kimyakimya zaidi: kuchelewa kupandishwa daraja, malimbikizo ya mishahara, posho za zamu zisizolipwa.

Hali ni tete zaidi kwa walioajiriwa kwa mikataba ya miradi. Kliniki nyingi za UKIMWI katika ukanda huu ziliendeshwa na washauri nasaha, watunza takwimu na wauguzi waliolipwa kwa fedha za mpango wa Marekani ulioanzishwa mwaka 2003. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mwezi Januari 2025, wengi wao walipokea barua za kusitishiwa kazi ndani ya siku chache, na wagonjwa wao wakahamishiwa kwa watumishi wa serikali waliokuwa tayari na foleni.

Kati ya kiongozi na mwananchi

Mwananchi aliyekosa dawa hulalamika kwa diwani, diwani kwa mkuu wa wilaya, na kiongozi huja kituoni. Ziara za kushtukiza zimewahi kufichua wizi wa dawa na uzembe wa kweli. Zimewahi pia kuishia kwa mtumishi kukaripiwa hadharani kwa kosa la upungufu usio wake. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 nchini Tanzania inampa mkuu wa mkoa na wa wilaya mamlaka ya kuagiza mtu azuiliwe kwa muda usiozidi saa 48 pale amani inapohatarishwa. Mamlaka hayo yametumika mara kadhaa dhidi ya watumishi wa afya, na Chama cha Madaktari Tanzania kimepinga hadharani matumizi hayo. Mabaraza ya taaluma yana utaratibu wake wa kuchunguza makosa ya kitabibu, ambao humpa mlalamikaji na mtumishi nafasi ya kusikilizwa.

Wahudumu wa jamii na wanaoondoka

Chini ya zahanati wapo wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Hawa huwatembelea wajawazito, huwafuatilia wagonjwa wa kifua kikuu walioacha dawa, na hutambua watoto wenye utapiamlo. Kwa miongo mingi walitegemewa kufanya kazi hiyo kwa kujitolea. Ethiopia ilichukua njia tofauti mwaka 2003 kwa kuwafundisha wanawake wawili wa kila eneo la kijiji kwa mwaka mmoja na kuwalipa mshahara wa serikali. Kenya ilizindua mwezi Septemba 2023 mpango wa wahudumu zaidi ya 100,000 wenye vifaa na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ikitoka serikali kuu na nusu kaunti. Tanzania ilizindua wake Januari 2024 ukiwa na lengo la kufikia wahudumu zaidi ya 130,000 ndani ya miaka mitano. Posho hizo ni hatua, ingawa bado hazitoshi kumtunza mtu anayeacha shamba lake siku tatu kwa wiki.

Juu ya ngazi, tatizo ni kuondoka. Uingereza na nchi za Ghuba huajiri wauguzi wa Afrika, na Kenya iliingia makubaliano na Uingereza mwaka 2021 ya kupeleka wahudumu wa afya wasio na ajira. Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za uajiri wa kimataifa mwaka 2010, na mwaka 2023 liliorodhesha nchi 55, Tanzania ikiwemo, ambazo watumishi wake hawapaswi kufuatwa na waajiri wa nje kwa kampeni. Kanuni hizo hazimzuii mtu binafsi kuomba kazi. Anayeondoka mara nyingi ni mwenye uzoefu, yule ambaye angemfundisha mgeni kazini.

Yaliyosaidia

Zipo hatua zilizoleta nafuu inayoonekana. Mfumo wa m-mama wa Tanzania, uliotangazwa kwa nchi nzima mwaka 2022 baada ya kujaribiwa Shinyanga na Sengerema, humwezesha mkunga kupiga namba 115 bila malipo na kupatiwa gari la wagonjwa au dereva wa kijijini aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mama hospitalini. Mfumo wa mshitiri, ulioanzia Dodoma mwaka 2014, huruhusu kituo kununua kwa msambazaji binafsi aliyeidhinishwa dawa ambazo Bohari imezikosa. Taasisi ya Benjamin Mkapa imejenga nyumba za watumishi katika wilaya za pembezoni na kusaidia kuwaajiri. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya uzazi Tanzania vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa mwaka 2015/16, na sehemu kubwa ya kazi iliyowezesha hilo ilifanyika mikononi mwa watumishi wa ngazi za chini.

Hatua hizi zina sura moja. Gari la dharura, fedha za kununulia sabuni na ruhusa ya kutafuta dawa mahali pengine vyote vimesogezwa karibu na mtu anayemkabili mgonjwa, hivyo halazimiki tena kusubiri majibu ya mbali kwa jambo la usiku huo. Ajira bado haijasogezwa hivyo. Kibali cha kumwongeza muuguzi mmoja hutolewa kitaifa, kwa hesabu za kitaifa, na zahanati inayomhitaji haina sauti katika uamuzi huo zaidi ya takwimu inazotuma kila mwezi.